Kinywa cha Lucie

Nyuma ya mtaa wa Bagira, pale barabara inapochoka na kuwaachia watu matope, kuna kilima ambacho majirani wanakiita kwa Wambuti. Wenyewe wanasema kwetu, basi. Ni nyumba chache za miti na udongo, nyingine zimevaa mabati, nyingine bado ziko na nyasi, na zote zimekaa juu ya shamba la Papa Lucien. Hapo anaishi Maman Monique, mjane, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika korali ya parokia, muuza vyungu, na tangu alipopata nguvu ya kubeba mtoto mgongoni, kinywa cha mdogo wake Lucie.

Lucie hasikii. Alikuwa anaanza tu kusema "mama" homa ikamchukua, ikamrudisha bila masikio. Mama yao alizaliwa msituni, kabla msitu haujafungwa na kuwa wa wanyama na wa wageni wanaokuja kuwaangalia wanyama. Alimkalisha Monique juu ya kinu kilicholala, akamwambia: "Huyu, Mungu amemwachia macho na mikono. Masikio na kinywa atakopa kwako." Monique alikuwa mtoto bado, na mtoto akipewa kazi na mama yake anaipokea yote, hata ile sehemu ambayo hakuelewa.

Basi wawili hao wakajitengenezea lugha. Mvua ilikuwa vidole vinavyodondoka juu ya kichwa. Chumvi ilikuwa kidole kwenye ulimi. Padiri alikuwa kola shingoni, na padiri mwenye haraka ya kumaliza misa alikuwa kola shingoni halafu miguu inakimbia. Kila mtu wa kilima alikuwa na alama yake. Hakuna aliyewahi kuuliza alama yake inatoka wapi, na ilikuwa heri hivyo.

Kwa maana jambo moja ni lazima lijulikane mapema: Lucie ni mkali. Mikono yake ni ya pilipili. Anaona kila kitu, kwa kuwa asiyesikia ana muda wa kutazama, na anachokiona anakisema. Monique kwa upande wake ana moyo laini kama fufu ya muhogo iliyosongwa vizuri, anaogopa dhambi, na zaidi ya dhambi anaogopa mtu kukasirika. Kazi ya kinywa ilipoangukia mtu kama huyo, ikawa kama kumpa mpishi wa sukari achunge chumvi.

Mteja alikuja kununua chungu cha maharage, akakigeuza, akakigonga, akaingiza kichwa ndani. Mikono ya Lucie ikasema: "Huyu anatafuta nini humo, mume?"

"Anasema nini?" mteja akauliza.

"Anasema Mungu akubariki, maman, na maharage yako yaive mbio," akajibu Monique.

Bruno, marehemu mume wa Monique, alikuwa mvivu wa kupasua kuni. Lucie alimweleza hilo kila asubuhi, kwa mikono yote miwili. Monique alimtafsiria kwamba shemeji yake anamtakia siku njema. Bruno alikwenda kwa Bwana akiamini kabisa kwamba duniani hakuna mtu aliyempenda kama Lucie, na Monique hadi leo anaona kwamba hapo hakukosea.

Lakini haikuwa upole tu. Mtu anayekaa juu ya udongo wa mwenzake hasemi yote anayoyafikiri. Wambuti wa kilima hawana karatasi hata moja. Wana ruhusa ya Papa Lucien, na ruhusa ni kama moto wa makaa, inataka kupepewa. Monique alipepea. Kila neno chungu lililotoka mikononi mwa mdogo wake lilipita kwake, likaoshwa, likatoka tamu.

Matokeo yake ni kwamba kilima kizima, na nusu ya Bagira, wakamfanya Lucie mtakatifu. Mwanamke asiyesikia umbea, asiyegombana, ambaye kila akiinua mikono inatoka baraka! Wanafunzi walikuja kwake kabla ya mtihani. Wasichana walikuja kabla ya harusi. Kina mama walimletea watoto wachanga, wakapiga magoti mbele yake. Lucie hakuelewa kwa nini wanapiga magoti, lakini alimpokea kila mtoto, akamtazama vizuri, akatoa maoni yake ya kweli kuhusu pua na masikio. Monique akatafsiri: "Anasema malaika wake asilale." Mama akaondoka analia kwa furaha.

Papa Lucien naye alikuja. Alikuwa Mushi, mtu wa kabila la wenye ardhi, wa ukoo mzuri, mwenye ng'ombe na tumbo la heshima. Kila mwanzo wa kupanda maharage alifika na kikapu cha mbegu, akakiweka miguuni pa Lucie na kuvua kofia. Na kila mara Lucie alimwambia jambo lile lile moja.

Chini ya kilima kuna bonde lenye udongo mweusi, mzito, wa kufinyanga, udongo ambao ukiuingiza motoni hautoi hata ufa. Mama yao alichimba hapo. Halafu Papa Lucien akapata ndama, akazungusha ua wa miti ili wanywe kwa amani, na tangu siku hiyo Lucie analeta udongo kutoka mbali, kutoka ng'ambo ya kilima kingine, udongo wa mchanga, na vyungu vyake vinapasuka motoni hata kabla ya kuona soko. Kwa hiyo Lucie alinyoosha kidole bondeni, akashika hewa kama anang'oa mti, akafinyanga chungu kisichoonekana. "Muzee, ondoa miti michache. Nipe udongo wa mama yangu. Ng'ombe wako hawafinyangi."

Monique akamgeukia mzee akitabasamu. "Anasema Bwana azidishe mbegu zako, Papa Lucien."

"Amina! Aksanti, mutakatifu wa Mungu!"

"Amejibu nini?" Lucie akauliza.

"Anasema atafikiri," Monique akajibu kwa vidole.

Mwaka uliofuata, vivyo hivyo, na mwingine tena. Lucie alikuwa na subira, lakini alianza kumhurumia yule mzee. "Maskini," alisema. "Ana ng'ombe wengi, ila kichwa chake kinatembea polepole."

Hivyo ndivyo walivyoishi hadi alipokuja Madame Martine.

Alitoka Ibanda, katikati ya mji, kwenye ofisi moja ya watu wa utafiti, na alitaka kujua namna Wambuti wenye ulemavu wanavyoishi: nani anawasaidia, nani anawazuia, wao wenyewe wanataka nini. Alipanda kilima kwa viatu vya ngozi vizuri, akafika anahema, na Papa Patrice, ambaye ni kapita wa kilima, yaani msimamizi wake, na mtu wa mizaha, akamwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Maman," akasema, "kama unakuja kupima vichwa, umechelewa. Banaisha kutupima vichwa. Banapima, banapiga picha, banaenda. Tangu ile wakati haijaongezeka hata kidogo."

Martine akacheka mpaka akaweka mkono kiunoni. "Hapana, Papa. Sikuleta metre ya kupimia. Leo sikuja hata kuuliza maulizo. Nimekuja kuuliza kama munapenda kuulizwa."

Patrice akageukia wenzake. "Munasikia? Huyu anaomba ruhusa ya kuomba ruhusa! Sasa kesho atatuma mutu wa kuuliza kama anaweza kuja kuomba."

Lakini jambo hilo liliwapendeza. Wakakaa wote chini ya paa la jiko la jamii, wakaongea, wakabishana, na mwisho wakamwambia Martine: sawa, ila chochote atakachoandika arudi kuwasomea kabla ya kukipeleka kwa wakubwa zake, na asiyetaka kuulizwa asisumbuliwe. Martine akakubali bila kujikuna. Kisha akaomba kuonana na Lucie.

Lucie alikuwa ndani, anasugua chungu kwa jiwe. Martine akaketi kwenye mkeka, akaeleza pole pole: anataka kusikia maisha yake, Lucie anaweza kukubali, anaweza kukataa, hakuna atakayekasirika. Monique akayapitisha maneno hayo kwa mikono. Lucie akaweka chungu chini na kujibu. Alijibu kwa muda mrefu. Alionyesha mlima na bonde, alionyesha mtu anayepima kichwa, alifunga ngumi, aliifungua, alimwonyesha Martine, akajionyesha mwenyewe, akauliza kitu mara mbili.

"Anasema ndiyo," akasema Monique.

Martine akaitazama mikono ya Lucie. "Na muniulizie tena, hapa kilimani watu wanamtendea vizuri?"

Monique akauliza. Lucie akainua nyusi moja.

"Ah, Madame!" Monique akaanza. "Anasema hapa watu wote ni kama ndugu, wanampenda, anawaombea asubuhi na mangaribi, Papa Lucien ni baba yetu, hata wakati wa njaa hakutusahau, na korali pia, na masista, na anamushukuru Mungu kwa mvua nzuri ya…" Akaendelea mpaka chai aliyokuwa amemkaribishia mgeni ikapoa.

"Maman Monique," Martine akasema kwa upole, "ile nyusi moja ndiyo imesema yote haya?"

"Iko nyusi ya maana, Madame."

Nje, Papa Patrice alisikika akikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Martine hakucheka. Alimshika Monique mkono. "Naona unamupenda sana mudogo wako. Lakini ile ndiyo, iko yako ao yake?"

Swali hilo lilimchoma Monique kama mwiba wa samaki. Yake ao yake! Tangu lini kulikuwa na tofauti? Akamwambia Martine kwamba yeye ni kinywa cha Lucie, mama yao ndiye aliyemweka, na hakuna mtu mwingine duniani anayejua lugha ile. Martine akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba atarudi na mwenzake, Mademoiselle Déborah, mwalimu, naye hasikii tangu utoto, na amezoea kuelewana na watu ambao kila mmoja ana mikono yake. Na kijana mmoja, Guy, atakuwa anatoa kwa sauti kile ambacho Déborah anaelewa. "Wewe utapumzika kidogo, maman."

"Nipumzike kinywa?" akasema Monique. "Mimi?"

Siku zilizofuata aliimba vibaya. Katika korali alichelewa kuingia kwenye wimbo wa Utukufu, mpaka kiongozi akamtazama. Alisali rozari anatembea, anasali anauza, anasali anapepeta mchele. Hakuogopa wageni, aliogopa mikono ya Lucie. Ikiachiwa ile mikono mbele ya watu, bila mtu wa kuiosha, itawatukana wateja, itawatukana kina mama wa watoto, na Papa Lucien akisikia, nani atawapa tena kilima? Na chini ya woga huo kulikuwa na mwingine mdogo, ambao hakumwambia hata Bikira Maria: huyo Déborah akimwelewa Lucie, Monique atakuwa nani?

Alijaribu kumtayarisha mdogo wake. "Wageni wakija, sema polepole," alimwambia. "Sema vizuri."

"Mimi ninasema vizuri siku zote," Lucie akajibu kwa mshangao. "Ni wao hawajibu."

Siku ilipofika, habari zilikuwa zimefika mbele yake. Kilima chote kilikuja, na kina mama wa Bagira na watoto wao, kwa sababu mtakatifu atasema. Na Papa Lucien naye, ambaye alisikia kwamba kuna wageni juu ya shamba lake, akaletewa kiti, akakaa na kofia juu ya magoti.

Martine alipoona umati alishtuka. Akasema mambo ya mtu ni siri yake, na ni Lucie mwenyewe wa kuchagua nani abaki na nani aende. Basi Déborah akaketi mbele ya Lucie. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho yanayoshika. Hawakuelewana mara moja. Walijaribu mkono huu, wakajaribu ule, wakaonyesha vitu, wakachora hewani, na ghafla wote wawili wakacheka kicheko kimoja, kile kicheko ambacho Monique alidhani ni cha nyumbani kwao tu. Monique akajikuta anavuta kitenge chake kama amepigwa na baridi.

Guy akasimama kando. Alikuwa kijana mrefu, mwenye suruali iliyopigwa pasi na uso wa mtu anayesoma waraka wa Mtume Paulo. "Mimi sipunguzi na siongezi," akatangaza. "Akipiga chafya kwa mikono, nami nitapiga chafya."

Déborah akamwangalia Lucie, akamwangalia Guy, akaongea kwa mikono. Na Guy, kwa sauti nzito ya lectori, msomaji wa misa, akasema: "Wote bakae. Ninapenda banisikie mara moja. Kwanza niulize. Juu ya nini muko munaniletea batoto?"

Watu wakatazamana.

"Munawaleta, munapiga magoti, mimi ninaangalia," Guy akaendelea bila kupepesa. "Ninawaambia ukweli. Huyu kichwa yake ni kama kiazi. Huyu alichukua masikio ya babu yake, pole sana. Na ninyi munalia na kunishukuru. Sijawahi kuona batu ya ajabu hivi."

Halafu Papa Patrice akaanguka kutoka kwenye kigogo alichokuwa amekalia, na kicheko kikapasuka kilima kizima.

"Kiazi?" akapiga kelele mama mmoja, akimwinua mwanawe juu ili wote waone. "Mutoto wangu huyu? Maman Monique, wewe uliniambia malaika!"

"Malaika wa kiazi," akasema mwingine, na wakaanza kusukumana.

Monique alitamani mkeka ufunguke umfunike. Lakini Papa Lucien hakucheka. Alikuwa amesimama. "Na mbegu zangu?" akauliza. "Zile baraka za mbegu?"

Guy akapeleka swali kwa mikono, Déborah akalitengeneza, Lucie akalitazama kama mtu anayetazama kitu kilichoanguka kutoka juu. "Mbegu gani?" ikarudi sauti ya Guy. "Mimi ninaomba udongo. Kila mwaka huyu muzee anakuja na kikapu, ninamwambia: fungua ua pale bondeni, nichimbe pale mama yangu alichimba. Na yeye anasema atafikiri. Mumuulize leo. Ameisha kufikiri?"

Hakuna aliyecheka tena. Macho yote yakahama, moja baada ya jingine, mpaka yakatua kwa Monique.

"Maman Monique," Papa Lucien akasema pole pole. "Mimi nilisema nitafikiri?"

"Hapana, Papa."

"Nilisema nini?"

"Ulisema amina."

"Ee Nyamuzinda, Mungu wangu!" Papa Lucien akapiga kofia kwenye paja. "Mimi nimeambia parokia yote kwamba nina mutakatifu juu ya shamba langu! Nimeambia padiri! Kumbe yale maharage yaliota bure?"

"Yaliota kwa Mungu, Papa," akasema Patrice. "Yeye hana lazima ya kupita kwa Lucie."

"Wewe nyamaza!" Uso wa mzee ulikuwa umegeuka. "Munanicheka juu ya udongo wangu mwenyewe? Mimi ninaweza kusema leo leo mutoke hapa, wote!"

Ndilo neno ambalo Monique alikuwa amelipepea mbali maisha yake yote, na sasa limekaa katikati yao kama jiwe. Mikono yake ikainuka yenyewe, kwa mazoea, imwambie Lucie: anasema atafikiri. Lakini Guy alikuwa amekwisha kupitisha. Hakupunguza. Hata kidole cha Papa Lucien kilichonyooshwa, alikinyoosha.

Martine akasimama. "Tuache hapa," akasema. "Kama kazi yangu inawaletea batu mabaya, haina maana. Papa Lucien, kosa iko yangu, hapana yao. Hakuna kitu kitaandikwa."

Lucie hakumtazama Martine. Alimtazama dada yake, na akasema naye kwa mikono ya chini, ile mikono midogo ya tangu utotoni. Déborah alipoona hivyo akageuza macho pembeni, na Guy akaacha kutafsiri. "Haya ni ya kwao," akasema.

Aliyoyasema Lucie ni haya: "Kumbe aliyekuwa anafikiri ni wewe."

"Niliogopa," Monique akajibu.

"Najua. Wewe unaogopa hata kuku." Akamvuta sikio, si kwa nguvu sana, kama mama yao alivyokuwa akifanya. "Lakini vyungu vyangu vinapasuka, Monique."

Halafu akainuka. Akapita katikati ya watu, akamshika Papa Lucien mkono. Mzee, kwa mazoea, akainamisha kichwa apokee baraka, Lucie akamvuta. Akamvuta kuteremka njia ya bondeni, na kofia ikaanguka, na kilima chote kikafuata nyuma, watoto wa kiazi na wasio wa kiazi, mpaka kwenye ua. Huko ndama walikuwa wamesimama katika maji, wanatafuna, wanatazama umati kama watu waliokuja kuwapima vichwa.

Lucie akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya mti wa ua, akatoa bonge la udongo mweusi. Akaliweka katika kiganja cha Papa Lucien, akamkunja vidole juu yake. Udongo ukajipenyeza katikati ya vidole, laini, bila mchanga. Kisha Lucie akawa ng'ombe. Akatembea kwa miguu minne. Akachukua bonge jingine kati ya kwato zake, akajaribu kufinyanga chungu. Likaanguka. Akajaribu kwa pua. Likaganda puani. Akageukia ndama halisi, akawauliza kwa macho kama wao wamefaulu, na ndama mmoja, Mungu amsamehe, akapiga kelele kama anayejibu.

Papa Lucien alishikilia hasira yake kama mtu anayeshikilia mbuzi sokoni. Mashavu yake yakavimba. Tumbo likaanza kwanza, likacheza peke yake, halafu mabega, halafu akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea ua wake mwenyewe, na mti mmoja ukalala.

"Basi, basi," akasema akifuta macho kwa mkono wenye udongo, akajipaka uso mzima. "Nani atafukuza batu ba namna hii? Batanicheka hata huko banaenda." Akatafuta Guy, lakini Guy alikuwa bado anateremka kwa suruali yake ya pasi, hatua moja moja. Akatafuta Monique. Monique akafungua mdomo, halafu akaufunga. Basi mzee akabaki peke yake na mikono yake. Akaonyesha kona ya bonde: hapa, ndiyo. Akaonyesha pale ndama wanapokunywa: pale, hapana.

Lucie akatikisa kichwa, akaonyesha kona kubwa zaidi. Mzee akakata katikati kwa kiganja. Lucie akasogeza kiganja chake kwa mkono wake mwenyewe. Wakabishana hivyo, wote wawili wamekasirika vizuri, na hapakuwa na mtu kati yao.

Monique alisimama na mikono mitupu. Alidhani atasikia uchungu, na uchungu ulikuwepo, hakuna haja ya kuuficha. Lakini pia mabega yake yalikuwa mepesi kama ya mtu aliyeshusha mzigo wa kuni, ambaye bado anatembea ameinama kwa sababu hajajua.

Martine alimfikia, viatu vyake vya ngozi vimezama. "Maman Monique," akasema, "Déborah bado iko huko juu. Unaweza kumuuliza Lucie kwa ajili yangu? Kama anapenda bado nije kumuuliza mambo ya maisha yake. Akisema hapana ni hapana."

Monique akapunga mikono juu ili Lucie aone, akamuuliza. Lucie, amefika magotini katika matope, akajibu mbio mbio na kugeuka tena kwa kazi yake.

Sukari ilikuwa tayari kwenye ulimi wa Monique, imekaa pale pake pa siku zote. Akajifanyia alama ya msalaba.

"Anasema hapana, Madame. Anasema leo ana udongo, hana nafasi ya maisha yake." Akapumua. "Anasema tena kwamba hivyo viatu ni viatu vya mutu asiyefikiria kurudi."

Martine akatazama miguu yake. Halafu akatabasamu, tabasamu refu, kama mtu aliyepewa zawadi na si kukataliwa. "Mwambie aksanti. Na nikirudi na boti za mpira, ninaweza kuuliza tena?"

Monique akauliza. Jibu likaja, fupi.

"Anasema kuuliza hakukatazwi. Lakini ulete za rangi nzuri."

Huko chini kelele zilikuwa zimepanda. Papa Lucien alikuwa amejibana kati ya ua na ukingo wa bonde, kofia imerudi kichwani kinyume, na Lucie mbele yake na bonge la udongo kifuani anatikisa kichwa na kuonyesha jambo kwa kidevu, mara moja, mara ya pili, kwa uso wa mtu anayekosa subira.

"Maman Monique!" mzee akaita. "Huyu mudogo yako anasema nini tena?"

Watu wakasogea wasikie. Monique akaangalia mikono ya Lucie, na akaangalia tumbo la Papa Lucien.

"Anasema, Papa," akajibu kwa sauti yake ya kwanza ya korali, iliyofika mpaka kwa ndama, "uingize tumbo kidogo ndani, apate kupita."

Na Papa Lucien akaliingiza.